Kitone cha Waridi kwenye Ubavu wa Kittyhawk

Kwa miaka thelathini na minne Noeline Trewin alitengeneza meno bandia, na mpaka leo mjini Ipswich, Australia, wapo wazee kadhaa ambao kila wakicheka wanaonyesha watu kazi ya mikono yake. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye miwani mbili shingoni, moja ya kuonea watu na nyingine ya kuonea kazi. Ile ya kuonea watu ndiyo iliyokuwa na vumbi.

Alipostaafu, jirani yake Glenda Pascoe alimletea miche ya mawaridi, kwani wastaafu wa mtaa ule hulima maua na mambo huishia hapo. Noeline akashukuru, akaipanda kwa heshima ya ujirani, kisha akaenda dukani kununua boksi la vipande vya kuunga ndege ndogo ya vita ya plastiki. Ilikuwa Kittyhawk, kipimo cha moja kwa arobaini na nane, ndege ambayo ikikamilika inaenea kwenye sahani ya chakula. Glenda aliliona boksi akatikisa kichwa. Hakujua kwamba mwenzake alikuwa na deni la roho na ndege hiyo, na deni lenyewe lilikuwa kitone kimoja cha rangi.

Mwaka 1942 mama yake, Thelma, alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa katika kikosi cha wanawake cha jeshi la anga, akifanya kazi kwenye karakana ya ndege nje ya mji. Siku zile ndege za Australia zilikuwa na nembo ya duara: bluu kwa nje, nyeupe ikifuata, na kitone chekundu katikati kabisa. Sasa Mjapani naye alikuja vitani na duara jekundu kwenye mabawa yake, na mpiga mzinga aliye chini, jua likimchoma machoni, akiona wekundu hangoji kuuliza jina. Amri ikatoka kwamba vitone vyote vyekundu vifunikwe kwa rangi nyeupe, tena upesi.

"Ndege zilikuwa nyingi na rangi kidogo," Thelma alikuwa akimsimulia binti yake. "Tukaizimua, mwanangu. Tukaizimua mpaka ikawa kama hayo maziwa mnayopewa shuleni, maji matupu yenye cheo cha maziwa. Tukapaka mara moja tu. Ikikauka, wekundu unarudi kuchungulia. Basi ndege zetu zikaenda vitani na vitone vya pinki. Pinki! Na nani alikuwa na muda wa kuturudisha tupake tena?"

Noeline aliipenda hadithi hiyo kuliko zote. Ndiyo maana alichokifanya mwaka 1966 kilimuuma hadi uzeeni.

Ilikuwa Siku ya Anzac, ambayo Australia huwakumbuka wanajeshi wake. Baba yake, Clarrie, aliyepigana kwa miguu kwenye misitu ya New Guinea, alirudi na rafiki zake kutoka kwenye gwaride, wakakaa mezani wakila nyama ya kondoo na kunywa bia. Thelma hakuwahi kuandamana katika gwaride hilo; kazi yake ilikuwa kupika. Lakini siku hiyo, sijui nini kilimwingia, alisimama na bakuli la viazi mkononi akawasimulia wanaume wale habari ya vitone.

"Jamani, mke wangu naye alipigana," Clarrie akasema. "Alipigana na kopo la rangi, na kopo likashinda!"

Wakacheka. Noeline alikuwa na miaka kumi na sita, na katika umri huo mtu hutaka kuwa upande wa wanaocheka.

"Labda zilikuwa zinakwenda dansini, Mama," akasema. "Mlizipaka na lipstiki?"

Meza nzima ikapasuka. Mzee mmoja alipaliwa na bia, ikabidi apigwe mgongoni. Thelma akaweka bakuli chini, akakusanya sahani zilizokwisha, akaingia jikoni. Hakuisimulia tena hadithi hiyo kwa miaka thelathini na miwili aliyobakiza duniani.

Mzaha mzaha hutumbua usaha. Usaha wa mzaha huu ulimtumbukia Noeline mwenyewe, mama akiwa ameshazikwa, siku alipofungua bati la biskuti la marehemu akakuta picha. Wasichana watatu wamekaa juu ya bawa, miguu inaning'inia, wamekunja nyuso kwa jua. Nyuma yao, kwenye ubavu wa ndege, nembo ya duara. Picha haikuwa na rangi. Lakini pete ya nyeupe ilionekana nyeupe, na kitone cha katikati kilikuwa cha kijivu. Noeline alilia sana siku ile, na kilichomliza si kufiwa, kwani kilio cha msiba alishakimaliza. Aliona aibu.

Ndipo akala yamini kwamba ndege ya mama yake itajengwa, itapakwa kitone cha pinki, na itawekwa hadharani mbele ya watu wanaozijua ndege kuliko wanavyowajua wake zao.

Watu hao walikuwa wanachama wa klabu ya modeli, ambao kila mwezi wa Agosti hukodi ukumbi wa kanisa, wakatandika meza vitambaa vyeusi na kupanga kazi zao. Sheria zao wanazishika kuliko amri kumi. Modeli haiguswi. Wakati wa kuhukumu, washindani wote hutoka nje na mlango hufungwa. Na kila modeli huja na fomu yenye mstari ulioandikwa "Chanzo", ambapo unaandika umejuaje kwamba ndege yako ilikuwa hivyo ulivyoipaka: kitabu, picha, au hati. Jaji mkuu alikuwa Kelvin Oates, mchora mabango mstaafu, mtu mnene mwenye sauti ya honi, ambaye huzunguka meza na tochi na kile kioo kidogo cha daktari wa meno cha kuchungulia chini ya mabawa. Kioo chenyewe alipewa na Noeline.

Mwaka wa kwanza Noeline alishindwa, tena vibaya. Wala si kwa uvivu. Mtu aliyetengeneza fizi za watu kwa miaka thelathini na minne anajua kuchanganya pinki usingizini. Akaichanganya, akazungushia mkanda wa gundi kuzuia rangi isivuke, akapuliza, akapata kitone cha mviringo kamili kisicho na doa. Alikitazama akajiona mshindi.

Kelvin aliinama na tochi yake, akakaa hapo muda mrefu, kisha akainuka.

"Noeline, dada yangu," akasema baada ya mlango kufunguliwa, watu wote wakisikia, "nimeona ndege zenye bunduki, nimeona zenye mabomu. Yenye ufizi sijapata kuiona."

Ukumbi ukaangua kicheko. Kabla chai haijapoa, ndege ilikuwa imeshapewa jina: Meno Bandia. Noeline akatoa picha ya kwenye bati.

"Tazama kitone. Ni kijivu."

"Kivuli hicho."

"Jua liko mbele yao, Kelvin. Wote wamekunja uso."

"Basi vumbi."

"Na mama yangu aliyeipaka? Naye vumbi?"

Kelvin akashusha sauti, maana hakuwa mtu mbaya. "Mama yako namheshimu. Lakini kila familia ina hadithi yake. Tukikubali hadithi, mwakani mtu ataniletea ndege ya maua, aniambie bibi yake aliiona."

Kwenye fomu akaandika: "Kazi safi. Rangi ya nembo: hakuna ushahidi."

Noeline alirudi nyumbani na ndege kwenye kiti cha abiria, boksi limefungwa mkanda. Kukosa medali hakukumuumiza. Kilichomchoma ni kile kicheko, kwa sababu alikijua. Ni kilekile cha mwaka 1966, na yeye ndiye aliyekianzisha.

Asubuhi yake aliketi na kikombe cha chai na mkate uliopakwa vegimaiti, ule urojo mweusi wa chumvi, akavaa miwani ya kazi, akaitazama ndege kama anavyotazama meno yaliyorudishwa na mteja mwenye malalamiko. Kosa liko wapi? Alitazama mpaka chai ikapoa, na ndipo likamjia, akajipiga paji la uso.

Mama yake hakupaka pinki. Mama yake alipaka nyeupe.

Pinki ilikuja yenyewe, baadaye, kwa sababu chini kulikuwa na nyekundu. Noeline alikuwa ameiga matokeo, kazi yenyewe hakuifanya. Kitone chake kilikuwa kizuri kwa namna ambayo hakuna msichana mwenye haraka, juu ya ngazi, angeweza kukipaka. Kelvin alikuwa na haki ya kucheka, na hilo lilimkera Noeline kuliko kicheko chenyewe.

"Haya," akaiambia ndege. "Tunaanza upya."

Alinunua boksi lingine. Halafu akanunua vijiko vya plastiki hamsini, maana waunda modeli hawajaribii rangi kwenye ndege, wanajaribia kwenye kijiko. Akavipaka vyote nyekundu, akavichomeka kwa mipini kwenye kipande cha sponji ndani ya chumba cha kufulia, akaanza kupaka nyeupe juu yake kwa kipimo tofauti kila kijiko, namba nyuma.

Glenda alichungulia dirishani. "Shoga, una sherehe hukunialika?"

"Nina kazi."

"Ya kulisha nani, na vijiko vyekundu?"

"Ya kumlisha Kelvin Oates maneno yake."

Ila vijiko vikagoma. Vya kwanza ishirini vilikauka vikiwa vyeupe, au vya kijivu kama maji ya deki. Wekundu haukuchungulia hata kidogo. Wiki tatu zikapita. Noeline akaanza kusikia sauti ya Kelvin masikioni: kila familia ina hadithi yake. Nasema ukweli, kuna asubuhi moja alikaa kwenye ndoo iliyofunikwa akajiuliza kama mama yake hakuongeza chumvi. Akajichukia kwa kuwaza hivyo, akainuka.

Kisha akasoma mgongo wa chupa na kugundua upuuzi wake. Rangi zake zilikuwa za maji, za siku hizi, ambazo zikishakauka zimekauka, kila moja inakaa kwao. Mama yake alipaka rangi ya mafuta. Noeline akatafuta vikopo vya rangi ya mafuta ya zamani, na harufu yake ikavuka ua.

"Noeline! Unachoma nini humo?" Glenda akapiga kelele, kaziba pua kwa aproni.

"Ziba pua na mdomo pia!"

Kijiko cha ishirini na nne kikaona haya, wekundu ukachungulia kidogo. Cha ishirini na nane kikazidi. Alipofika cha thelathini na moja, aliinua kijiti cha kukorogea, rangi ikachuruzika, nyepesi, na ukingoni ikaonyesha ubluu hafifu. Noeline akasimama hapohapo. Aliijua. Aliiona kila siku kwa miaka yote ya shule ya msingi: kreti juani, chupa za maziwa yaliyopata moto, kunguru wametoboa vifuniko, na mwalimu amesimama kuhakikisha unameza. Akapaka kijiko mara moja tu, akaondoka. Aliporudi baada ya kuanua nguo, nyeupe ilikuwa imekauka na wekundu umepanda, si sawasawa, hapa umekoza, pale umefifia, na ukingoni kuna alama za nywele za brashi.

"Maji matupu yenye cheo cha maziwa," akasema kwa sauti.

Kuanzia hapo hakuna aliyeweza kumzuia. Alikata vipande kwenye fremu zake, akavipiga msasa, akapaka kibanda cha rubani, akagundisha ubavu kwa ubavu. Bawa la kushoto lilimkatalia. Mshono wake uliacha ufa mwembamba kama unywele, akaujaza, akausugua, ukarudi, akaujaza tena. Siku zilikuwa zimebaki sita. Akaamua ufa ubaki. Hakuwa ameapa kwa ajili ya ufa.

Vitone vilikuwa sita: viwili ubavuni, viwili juu ya mabawa na viwili chini, kila kimoja kikubwa kama punje ya dengu. Safari hii mkanda wa gundi aliuacha kwenye droo. Kwa vile vya chini ya mabawa alikumbuka mama yake alivyolalamika kwamba rangi ilimdondokea machoni, akaona kuigeuza ndege chali ni udanganyifu. Akaining'iniza kwenye kamba ya kuanikia nguo, akapiga magoti kwenye sakafu ya saruji, uso juu, akapaka akiwa chini yake, haraka, mara moja tu. Tone likamwangukia kwenye miwani. Alicheka peke yake kama mwendawazimu.

Kwenye fomu, mstari wa chanzo, aliandika: "Thelma Birdsall, aliyeipaka." Birdsall ndilo jina la mama yake kabla ya kuolewa, wakati wa vita, na lilikuwa halijaandikwa mahali popote kwa miaka mingi.

Siku ya maonyesho, mlango ulipofungwa, washindani walisimama nje wakila soseji kwenye mkate na kuchokozana. "Mwaka huu umeleta meno ya juu au ya chini?" mmoja akamuuliza. "Nimekuletea wewe, uache kutafuna na fizi," Noeline akamjibu, lakini soseji yake hakuiuma. Zamani alikaa mezani akamcheka mama yake. Leo amemwandika jina kwenye fomu. Kama wakimcheka tena, itakuwa amempeleka kuchekwa mara ya pili kwa mkono wake.

Mlango ukafunguka kabla ya wakati. Kelvin akatoka, tochi bado inawaka mkononi mchana kweupe.

"Namba kumi na saba," akasema. "Noeline, njoo ndani."

Watu wakatazamana. Mshindani haingii wakati wa kuhukumu. Hata mke wa mwenyekiti alishazuiwa akitafuta mkoba wake. Noeline akampa mtu wa kando yake soseji akaingia.

Kelvin alimpeleka mpaka kwenye Kittyhawk, akamulika ubavuni, kisha akaingiza kile kioo cha daktari wa meno chini ya bawa.

"Ulitumia rangi gani?"

"Ya mafuta. Nyekundu kwanza. Nyeupe juu, iliyozimuliwa, mara moja."

"Mwaka jana ulipaka pinki."

"Mwaka jana nilikosea. Mama hakupaka pinki hata siku moja. Alipaka nyeupe, ila ilipokauka wekundu ulirudi kuchungulia."

Kelvin akazima tochi.

"Mwaka wangu wa kwanza kazini," akasema, "nilipewa bango la mchinjaji. Lilikuwa jekundu, naye anataka jeupe. Nikabana rangi ya bosi, nikapiga mara moja, nikaenda zangu kucheza kriketi. Jumatatu mchinjaji yuko mlangoni: 'Wee kijana, bango langu linatoka damu!' Nilizabwa kofi la kisogo ninalolisikia mpaka leo. Nyekundu haikubali kuzikwa, Noeline. Hilo huambiwi na kitabu. Mtu akikwambia wekundu ulirudi kuchungulia, basi huyo alishika brashi."

"Nilikwambia mwaka jana kwamba yeye ndiye aliyeipaka."

"Uliniambia pinki. Ukanionyesha ufizi." Akajikuna shingo. "Nami nikamcheka mama wa watu."

"Mimi nilianza," Noeline akasema. Hakuwa amepanga kusema. "Nilikuwa na miaka kumi na sita. Alikuwa anawasimulia wanaume, nikamcheka mbele yao. Hakusimulia tena."

Kelvin akachukua fomu, akatoa kalamu, na kwa mwandiko wake mzuri wa mabango, kila herufi imesimama wima, akaandika chini ya mstari wa chanzo: "Birdsall, T., mpaka rangi, 1942. Ushahidi umekubaliwa." Akatia saini.

"Dhahabu hupati, lakini," akaongeza, sauti ya honi imerudi. "Huo mshono wa bawa la kushoto unaonekana kutoka Brisbane."

"Nipe chochote, Kelvin," Noeline akasema, akipangusa miwani ambayo haikuwa na vumbi. "Hata usinipe."

Alipata shaba. Kelvin alipokwisha kunakili chanzo kwenye daftari la klabu, fomu Noeline aliiweka kwenye bati la biskuti, pamoja na picha.

Agosti iliyofuata hakushindana. Alikwenda kuwasaidia kumimina chai. Alipopita kati ya meza akaona Kittyhawk tatu, za watu watatu tofauti, na zote zina vitone vyenye wekundu unaochungulia. Kwenye kila fomu, mstari wa chanzo: Birdsall, 1942. Alisoma ya kwanza, akasoma ya pili, na kwenye ya tatu akaliweka birika chini.

Kijana mmoja wa mji wa Warwick, mwenye ndege ya tatu, alimwona amesimama hapo akamsogelea kwa adabu.

"Samahani, mama. Wewe ni mwenyeji hapa. Huyu Bwana Birdsall, kitabu chake ninaweza kukipata wapi?"

"Hakuandika kitabu," Noeline akamwambia. "Wala si bwana. Ni mama yangu."